Nilivyowasifu Kuku wa Shangazi Feza

Simu kutoka Kalemie ilinikuta nachambua mchele. Mwanamke nisiyemjua aliniuliza kama mimi ndiye mtoto wa kaka yake mama Feza, yule anayekaa mji wa Baraka. Nikasema ndiyo. Akaniambia mama Feza amefariki juzi, presha ilipanda ghafla, na watu wa kanisa lake wameshamzika. Nikamshukuru. Nadhani alikuwa akingoja nilie ili anipe pole, na alipoona sauti haiji akaniaga kwa upole, akakata. Nikamaliza mchele wangu. Nilitoa vijiwe vitatu na punje mbili za mpunga, nikauosha, nikauweka motoni. Kisha nikachukua yai la kukaanga, mojawapo ya mayai ya plato, ya trei, tunayonunua siku hizi, yote ya rangi moja, yote ya ukubwa mmoja, nikabaki nimelishika hivyo mkononi mpaka mafuta yakaungua na nyumba nzima ikajaa moshi.

Mliokulia kando ya ziwa hili pamoja nami mnakumbuka kwamba zamani yai halikuwa chakula cha hivihivi. Kuku walitaga kwa kujificha, chini ya kitanda cha bibi au kwenye majani ya mihogo, na yai likionekana lilikuwa na mwenyewe tayari: mgonjwa, mgeni, au mama aliyejifungua. Mtoto alikula yai akiumwa. Ndiyo maana shangazi Feza aliposhuka kutoka Fizi na kuku wake watatu, nikaanza kula yai kila baada ya siku mbili bila homa yoyote, nilijiona mtoto wa ajabu katika avenyu yetu, mtaa mzima.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Hakuzaa, na mume wake alikuwa ameoa mwingine kitambo. Miaka mingi alipika kwa mapadri kule juu mlimani. Mmoja wao, mzee wa Kizungu, alikuwa na kichaa cha kuku: kila alipokwenda likizo kwao alirudi na mayai yaliyofungwa ndani ya pamba, akiyabeba mapajani safari nzima, kisha akayaatamisha kwa kuku wa wanakijiji. Wengi walikufa, wachache wakatoka. Mzee alipougua akarudishwa kwao moja kwa moja, hakuna padri mwingine aliyewataka wale kuku wake wa ajabu. Akamwachia mpishi wake. Shangazi alishuka Baraka juu ya lori la mihogo, kikapu mapajani, kuku watatu na jogoo mmoja ndani. Jogoo alikamatwa na mbwa wiki ya kwanza. Baba akampa dada yake chumba cha nyuma, naye akazungushia kuku ua wa matete kando ya ukuta.

Sijawahi kuona tena kuku kama wale. Wa kwanza alikuwa mweusi, shingo yake iking'aa kama shaba, na miguu yake ilikuwa na manyoya hadi vidoleni kama aliyevaa soksi. Shangazi alimwita Komanda kwa sababu alimdonoa kila mtu, hata yeye aliyempa chakula. Yai la Komanda lilikuwa la kahawia iliyokolea sana, kama buni iliyokaangwa. Wa pili, Sista, alikuwa mweupe, manyoya yake laini kama pamba, hawezi kuruka hata juu ya tofali. Ukiyapuliza manyoya yale uliona ngozi yake chini, nyeusi tii, na mguuni alikuwa na vidole vitano. Sista ulimbeba kama mtoto mchanga, akafumba macho. Alipenda kuatamia kuliko kula. Ukimnyang'anya mayai aliatamia kiazi. Yai lake lilikuwa dogo, rangi ya maziwa.

Wa tatu ndiye Madame. Alikuwa wa kijivu, hana mkia kabisa, na penye masikio alikuwa na vishungi viwili vya manyoya vilivyojitokeza kama hereni. Huyu aliogopa kila kitu. Kivuli cha kunguru, ndoo ikidondoka, mtu mwenye kofia, vyote vilimfanya ajirushe kwenye matete huku akipiga kelele. Na yai lake lilikuwa la bluu. Bluu hafifu, kama maji ya kusuuzia mashati meupe baada ya kutiwa bulu. Mara ya kwanza nilipoliona ndani ya majani makavu nilidhani mtu amepoteza kitu pale, nikampelekea mama nikimwambia nimeokota.

Kazi ya kukusanya mayai ikawa yangu. Nikitoka shule niliweka daftari, nikaingia uani kwa magoti. Nilitaka sana kujua kwa nini rangi hazifanani. Shangazi aliniambia padri alikuwa na jibu lake.

"Alisemaka: tazama masikio ya kuku. Sikio jeupe, yai jeupe. Sikio jekundu, yai ya kahawia."

Nikaenda kutazama. Masikio ya Sista yalikuwa ya bluu na yai lake la maziwa. Masikio ya Madame yalikuwa mekundu na yai lake la bluu.

"Padri alidanganya," nikamwambia.

"Hakudanganya. Kuku ndo banamukatalia padri." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kikwembe alichojifunga.

Basi nikatafuta sababu yangu mwenyewe, na sikuchukua muda kuipata. Komanda ana hasira, hasira ni moto, yai linaungua tumboni kabla halijatoka. Sista ni mpole, yai lake linatoka lilivyo. Madame anaogopa, na kila mtu anajua woga ni baridi, hivyo yai lake linapigwa baridi mpaka linageuka bluu. Nilimweleza shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho kama anavyosikilizwa mtu mzima, kisha akasema inawezekana, yeye hajawahi kuingia ndani ya kuku.

Ili kumzoesha Madame, shangazi alikuwa na njia aliyofundishwa na yule mzee. Asubuhi alikaa kwenye kiti kidogo kando ya ua, akichambua majani ya sombe au samaki wadogo wa ndagala, na kila mtu aliyepita njiani alimtaja kwa sauti ya chini, ya taratibu, kusudi kuku azoee sauti na ajue hakuna la kutisha. "Huyu ni mama Sifa, anaenda kuteka maji. Huyu ni fundi wa baskeli. Ile ni bidoni ya maji tu, tulia." Madame aliinamisha kichwa, hereni zake zikitikisika, akasikiliza. Baada ya miezi kadhaa alikuwa hajirushi tena kwa watu anaowasikia wakitajwa. Mimi niliamini anajifunza majina.

Sifa alikuwa rafiki yangu. Walikaa kwenye lupango, kiwanja cha pili kutoka kwetu, na tulikuwa dawati moja shuleni. Mwaka ule alikuwa amekonda. Homa ilimwachia ikamrudia, shingo yake ikawa nyembamba, na mwalimu alimruhusu kulaza kichwa juu ya dawati. Siku moja shangazi alimwona akipita, akamtaja kwa Madame kama kawaida, halafu akanigeukia.

"Rafiki yako anaisha. Mupelekee yai. Sema kwa mama yake achemushe sana, mpaka ikomae."

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Yai ni yai."

Nilichagua la bluu kwa sababu ndilo zuri. Mama Sifa alikuwa sokoni, kwa hiyo tulilichemsha wenyewe, Sifa na mimi, ndani ya kopo la maziwa, tukaliacha motoni mpaka maji yakakaribia kuisha. Sifa alikula taratibu, akilamba vidole. Aliniuliza kama kuku kweli ndiye aliyetaga kitu kile, nikamsimulia habari zote za Madame. Maganda hakuyatupa. Alisema atatengeneza nayo kitu, akayafunga katika kipande cha karatasi ya daftari, akayaweka chini ya mkeka wake.

Wakati ule bomba la avenyu yetu lilikuwa limekauka, na watu walirudi kuteka ziwani. Mliokuwapo mnajua kinachofuata. Siku tatu baada ya yai, Sifa alianza kuhara asubuhi, akapelekwa hospitali juu ya baskeli, na kabla ya saa sita akarudishwa amefunikwa. Alikuwa wa nne katika juma lile upande wetu. Wale wengine watatu walikuwa wakubwa. Nasema haya leo kama mtu mzima anayejua kipindupindu ni nini na kinapitia wapi. Siku ile nilijua tu kwamba miguu ya Sifa ilionekana nje ya kitenge, na kwamba ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa siku zote.

Sikulia kwenye matanga. Wanawake walinitazama, mmoja akasema nina roho ngumu, mwingine akasema mshtuko. Niliketi kwenye mkeka nikila maharage niliyopewa, na nakumbuka yalikuwa matamu, na niliomba niongezewe.

Walipotoa vitu vya marehemu ili wavioshe, mama Sifa akapata ile karatasi chini ya mkeka. Akaifungua mbele ya watu. Alikuwa mtu wa kusali, na siku hizo alikuwa akienda kwenye chumba cha maombi nyuma ya soko, kwa mama mmoja mwombezi ambaye watu walimwogopa kidogo. Maganda yale yakapelekwa kwake. Sikujua. Nilichojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata mama aliniosha uso, akanivisha gauni la Jumapili, akaniambia baba ananiita uani, na nijibu vizuri. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Uani palikuwa na viti vya plastiki vimepangwa kwa duara. Baba alikuwapo, na shefu, mkuu wa avenyu, na baba Sifa na mama Sifa, na yule mwombezi mwenye kitambaa cheupe kichwani. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, nikaambiwa nikae. Nilikuwa sijawahi kukalishwa kwenye kiti kati ya wakubwa kabla ya siku ile. Miguu yangu haikufika chini. Shefu akanifungulia soda.

"Usiogope, mama," mwombezi akaniambia. Sauti yake ilikuwa nzuri sana. "Tunataka utuambie tu juu ya ile kuku ya shangazi yako. Tunasikia we njo unabajua kushinda batu bote."

Ndivyo ilivyokuwa, mimi ndiye niliyewajua kuliko watu wote. Nilidhani wamesikia sifa zao na wanataka kuku kama wale. Nilidhani mama Sifa anataka yai lingine. Nikanywa soda kidogo, nikaanza na Komanda, jinsi anavyodonoa na jinsi yai lake linavyoungua kwa hasira. Nikasimulia Sista na ngozi yake nyeusi, vidole vyake vitano. Nikaona baba Sifa anamwangalia shefu. Nikafurahi kwamba naeleza vizuri, kwa hiyo nikaongeza.

"Na ile ya bluu?" mwombezi akauliza.

"Ya Madame. Anatagaka ya bluu juu anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Bintu byote. Shangazi anasema Madame anaonaka bintu byenye siye hatuone."

Shangazi alikuwa amesema hivyo kweli, siku Madame aliporukia matete bila sababu, na alisema akicheka.

"Na shangazi anaongeaka naye?"

"Kila asubuhi. Anamwambia majina ya batu benye banapita. Madame anajua majina yao."

"Na jina ya Sifa, alimwambia?"

"Ndiyo. Alimwambia. Kisha akasema nimupelekee Sifa yai."

Mama Sifa akatoa sauti, si kilio, sauti fupi kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Shefu aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Nikamwambia pia kwamba shangazi Feza ni mtu mzuri kushinda wote, na kuku wake ni wazuri kushinda wote, na hakuna kuku kama wale Nundu wala Fizi wala Uvira. Nilitaka wajue. Nilimtazama baba nione kama anajivunia mimi. Baba alikuwa akiangalia mikono yake. Alikuwa fundi mwashi, mikono yake ilikuwa na nyufa zilizojaa saruji, akawa anakwangua saruji katika ukucha mmoja kwa ukucha mwingine.

Hakuna aliyeniuliza kama mimi mwenyewe niliwahi kula yai la bluu. Ningejibu ndiyo, mara nyingi. Mama alikuwa amekula. Baba alikuwa akila mawili kila Jumapili, na bugali, akasifia kiini chake. Hakuna aliyeuliza, na baba, aliyekuwa amekaa pale na jibu tumboni mwake, hakulitoa.

Nikaambiwa asante, nikacheze. Nilimaliza soda nikiwa nimesimama, nikarudisha chupa.

Alasiri hiyo vijana wanne wa avenyu waliingia uani. Mmoja alimkamata Komanda, naye akamtoboa mkono vibaya, damu ikamwagika kwenye matete kabla hawajampiga kwa fimbo. Sista hakukimbia. Alikuwa anaatamia kiazi chake. Walipomnyonyoa kidogo na kuona nyama nyeusi wote wakarudi nyuma, na tangu hapo hata wale majirani waliokuwa bado wanasitasita hawakusitasita tena. Mizoga yao ilipelekwa mbali ikachomwa. Madame alipanda juu ya matete, mzima mzima, yeye ambaye hatukujua kama anaweza kuruka, akavuka ukuta akaingia mihogoni. Walimtafuta mpaka wakachoka.

Shangazi alipewa siku mbili. Mimi nilielewa kwamba anasafiri. Kwa akili yangu ya miaka tisa, wakubwa walikuwa wamewaua wale kuku kwa sababu ya ugonjwa ulioingia, na shangazi anatumwa Kalemie kutafuta wengine, kwa vile mimi niliwasifu vizuri. Nilimsaidia kufunga sufuria zake. Alikuwa akikunja vitenge, kimoja juu ya kingine, akivilainisha kwa kiganja.

"Ukipata, leta na jogoo," nikamwambia.

Akaweka kitenge cha mwisho juu ya vingine. "Sawa," akasema.

Asubuhi ya safari baba alitoka mapema kwenda kazini, na siku ile kazi ilikuwa karibu sana na nyumbani, nilisikia nyundo yake. Mama ndiye aliyemsindikiza bandarini. Nilibeba beseni mpaka kwenye kona ya soko, pale ambapo mama aliniambia nirudi. Shangazi alilichukua beseni akalitia kichwani. Wanawake waliokuwa wakipanga maharage sokoni waliinama kwenye maharage yao. Hakunikumbatia, na mimi sikuona ajabu, kwa sababu mtu mwenye beseni kichwani hainami.

Nilijua ukweli bombani, juma lililofuata, maji yaliporudi. Tulikuwa tumepanga bidoni kwenye mstari. Msichana mkubwa kidogo kuliko mimi akasogeza bidoni yake mbali na yangu. Nikamuuliza kwa nini.

"Shangazi yako ni mulozi, muchawi. Alikula Sifa."

"Si kweli."

"We mwenyewe ulisema. Mama yangu alisikia. Ulisema yote."

Nilingoja zamu yangu. Nilijaza bidoni, nikaifunga, nikaibeba nyumbani, nikaiweka mahali pake. Ningependa kuwaambia kwamba nililia, au nilimkimbilia baba, au niliapa jambo. Nilichokifanya ni kukaa kwenye kile kiti kidogo cha shangazi mpaka mama akaniita kula, nikala. Kitu fulani ndani yangu kilikuwa kimelala, kama mguu unavyolala ukiukalia vibaya. Watu wanadhani mguu uliolala hauna uzito. Una uzito, unauburuta tu.

Siku moja, nikitafuta kuni mihogoni, nikakuta kiota cha Madame. Alikuwa amechimba shimo dogo chini ya shina, akaweka majani. Mayai manne ya bluu. Yeye mwenyewe sikumwona, wala unyoya wake, na sikumwona tena. Niliyapasua juu ya jiwe moja baada ya jingine kwa sababu niliogopa mtu asije akayaona. Mawili yalikuwa yameoza. Harufu ile ilikaa kwenye vidole vyangu, nikaenda shuleni nayo, na hakuna aliyekaa karibu nami hata hivyo.

Nyumbani jina la shangazi halikutajwa. Baba alibomoa ua wa matete mwenyewe, akalima pale, akapanda nyanya. Tulikula nyanya zile.

Nilipokuwa mkubwa, nimeshaanza kufundisha, nilikwenda Kalemie kwa shughuli za shule, na nikaulizia. Haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa na kibanda cha unga wa muhogo karibu na kanisa lao. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake, lakini alinitambua nikiwa bado ng'ambo ya barabara, akaniita kwa jina langu la utotoni. Alinipikia samaki. Uani kwake hapakuwa na kuku.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno ndani ya boti tangu Baraka. Tulipokaa kula niliyatoa yote, kwamba sikujua, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilidhani wanataka kununua kuku. Aliendelea kutoa miiba kwenye samaki na kuniwekea nyama upande wangu wa sahani.

"Mi nilikuwa jikoni," akasema nilipomaliza. "Baliniambia nibakie kule mpaka baniite. Nilisikia yote."

"Yote?"

"Yote yenye ulisema. Masaa mazima balikuwa banasema juu yangu, mi naskia kwenye ukuta. Mulozi, tasa, mubaya. Kisha ukakuja weye. Ukasema shangazi Feza ni mutu muzuri kushinda bote." Akaondoa mwiba mmoja, akauangalia, akauweka pembeni. "Ile siku hakuna mwengine alisema vile. We tu. Nilienda nayo."

Nikasema samaki ni mtamu. Akasema ni wa leo asubuhi. Aliniuliza habari za mama. Aliniuliza kama mama Sifa alipata mtoto mwingine, nikamwambia wawili, wote wavulana, akasema ni vizuri. Aliuliza kama bomba linatoa maji. Nilingoja aulize habari za kaka yake. Nilikaa pale siku tatu, nikalala kwenye mkeka mmoja naye, tukasali naye Jumapili, akanisindikiza mpaka kwenye boti na mfuko wa unga. Hakumtaja. Sikuona chuki ndani ya kunyamaza kwake, wala sikuona msamaha. Jina lile halikuwemo tu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyoonana. Baadaye ilikuwa simu za sikukuu, fupi fupi, na mtandao mbaya.

Siku ile ya simu kutoka Kalemie, nilipozima moto na kufungua madirisha ili moshi utoke, nilijifunga kitenge nikaenda kwa baba. Ni mgane sasa, anaishi palepale. Mgongo umemwisha, hajengi tena, ila anatengenezea watu majiko madogo ya udongo. Nilimkuta amekaa kizingitini, jiko moja katikati ya magoti, akililainisha kwa maji. Niliketi karibu naye, nikamwambia dada yake amefariki juzi, Kalemie, na ameshazikwa.

Aliendelea kulainisha. Aliuzungusha mkono wake uliolowa pembeni mwa jiko mara tatu, nne, mahali ambapo palikuwa tayari pamekuwa laini.

"We ulifikaka kwake," akasema. Sikuwahi kumwambia. Mama lazima alimwambia kabla hajafa.

"Nilifika."

"Alisema nini juu yangu?"

Nikatazama mikono yake. Nilikumbuka samaki, na miiba iliyopangwa pembeni, na siku tatu nzima.

"Alikusalimia," nikasema.

Baba akageuza sikio upande wangu, ingawa anasikia vizuri kabisa.

"Unasema je?"

"Alisema nikusalimie sana."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akachovya vidole kwenye maji, akarudi kwenye jiko lake, nami nikakaa naye pale mpaka lilipokauka juu juu na tukaweza kulisogeza kivulini.